Jirani Kabla ya Nyumba

Siku Raihana na mumewe walipohamia Akanyoni, majirani waliwapokea barabarani kabla lori halijazima injini. Wanaume walipanda juu wakashusha kitanda, magodoro, cherehani na lile kabati zito la mbao ambalo Raihana aliachiwa na marehemu mama yake, wakavipandisha kilimani kwenye utelezi huku wakiimba. Walipofika getini wakatua. Kabati likabaki limesimama nje, hatua moja tu kutoka uani, na hakuna aliyeligusa tena.

"Ingizeni tu, jamani," Raihana alisema akicheka. "Hatuna siri."

Wakatazamana. Mama mmoja mtu mzima, Mukagasana, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo, akafuta jasho kwa ncha ya kitenge. Alikulia Karagwe ukimbizini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. "Mwanangu, nyumba mpya huingiwa kwanza na wenyewe," alisema. "Sisi tutakuja, wala usijali."

Raihana aliona ni adabu. Yeye na Rutayisire, mumewe, wakalisukuma lile kabati wenyewe, likikwaruza sakafu mpaka chumbani.

Mtu anayetafuta nyumba ya kununua Kigali na mfuko mwepesi huijua ramani kuliko mwalimu wa jiografia. Kabla ya kuhamia Akanyoni, kila Jumapili walikutana na Zephaniah, dalali wao, pale njia panda ya Sonatubes, wakapanda pikipiki kwenda kutazama maajabu. Walikwenda Batsinda, maana walisikia kuna nyumba za watu wa kawaida, wakakuta watu wa kawaida wamewahi zamani na sasa wanauza kwa bei zisizo za kawaida. Walikwenda Kabuga, ambako bei ilipanda kila walipoikaribia lami. Walivuka Nyabarongo mpaka Ruyenzi. Rutayisire akapapenda, lakini Raihana alikuwa akishona nguo katika soko la Kimironko, na kutoka kule angefika kazini wenzake wakifunga.

Tena Raihana alikuwa na sharti lake lililomchosha Zephaniah. Baba yake, fundi cherehani wa Biryogo, ambaye babu yake alifika Rwanda na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, alimwachia wosia mmoja tu wa maana: jirani kabla ya nyumba. "Paa bovu utaezeka," mzee alikuwa akisema, "ukuta mbovu utapiga lipu. Jirani mbovu utamfanya nini?" Kwa hiyo kila walipoonyeshwa nyumba, Raihana aliipita, akaenda kubisha hodi kwa jirani. Pengine jirani alimwambia maji ya mvua huingia mpaka kitandani. Pengine jirani alikuwa amelewa saa tatu asubuhi, na hilo nalo lilikuwa jibu.

"Mama Gwiza, hii ya leo iko nyumba ya kweli," Zephaniah alimwambia Raihana siku walipofika Akanyoni, kilima kilichojificha nyuma ya Batsinda, ng'ambo ya bonde. "Iko na maji, iko na umeme, iko na rangi mpya. Mwenyewe alihamia Nyagatare, iko na haraka. Bei iko chini, chini kabisa."

Rahisi hugharimu, Waswahili walisema, na Raihana aliyajua hayo. Ndiyo maana alikwenda moja kwa moja kwa Mukagasana, nyumba ya jirani. Alikalishwa kwenye kiti kizuri. Maziwa yaliletwa na Winifred, binti wa mwenyeji, msichana mkubwa wa kuolewa, mwenye tabasamu la upole. Akamimina, akainama, asiseme neno.

"Huyu mbona haongei?" Raihana aliuliza kwa utani.

"Anaona haya tu," Mukagasana alijibu.

Majirani wengine wakaja mmoja mmoja, na wote walisifu. Usalama upo. Wizi haujasikika. Wagonjwa hubebwa, wafiwa hukaliwa matanga. "Mkija mtakuwa mmetuokoa," Mukagasana alisema, akamshika Raihana mikono yote miwili. "Nyumba isiyo na watu si nzuri kwa mtaa." Raihana alitoka pale machozi yakimlengalenga kwa furaha. Penye urembo ndipo penye urimbo, lakini ndege hajui mpaka anase.

Walikuwa na mtoto mmoja, Gwiza, wa miaka sita, na huyo alikuwa mtoto wa maneno. Baada ya shule alikaa chini ya meza ya cherehani ya mama yake sokoni, na wauza vitenge walimwita Redio. Alisimulia ndoto zake, aliuliza maswali na kuyajibu mwenyewe, alimwiga muuza parachichi mpaka muuza parachichi akashika mbavu. "Gwiza, hebu nyamaza kidogo," Raihana alikuwa akimwambia kutwa. Maneno hayo yalikuja kumchoma moyo kuliko kitu chochote alichowahi kusema duniani.

Katika nyumba mpya, kwanza ilikuwa harufu. Ilikuwa harufu anayoijua kila fundi, ya kitambaa kinachoungua chini ya pasi. Raihana alikurupuka akakuta pasi iko baridi mahali pake. Alinusa mapazia, akanusa swichi za ukutani. Rutayisire alipanda darini na tochi, akashuka na buibui kichwani.

Kisha Jumapili moja mchana, mvua ikipiga mabati, Raihana alikuwa jikoni akichambua maharage.

"Mama, tunakula nini?" Gwiza aliuliza kutoka chumbani.

"Maharage na ndizi."

"Mama, tunakula nini?"

"Maharage na ndizi, we mtoto, husikii?"

"Mama, tunakula nini?"

Akafuta mikono, akaenda chumbani kumkaripia. Hakukuwa na mtu. Gwiza alikuwa barazani na baba yake, amelala begani kwake usingizi mzito wa mvua. Raihana alirudi kwenye maharage yake, akajiambia kwamba mvua na mabati vina mambo yao. Hakumwambia mtu.

Majirani walikuwa wema vilevile. Leo viazi vitamu, kesho isombe ya majani ya muhogo, keshokutwa mkungu wa ndizi. Lakini walisimama nje ya geti, wakanyoosha mikono, wakamkabidhi juu ya kizingiti. "Ingieni tunywe chai," Raihana aliomba kila mara, na kila mara kulikuwa na chungu motoni au ng'ombe wa kukamua. Jirani wa Kinyarwanda asiyeingia kwako kukaa ni jirani mwenye neno nawe. Raihana alianza kulala akiyatafuta makosa yake. Siku moja alimwona mama mmoja akimvuta mwanawe aliyekuwa akiimba karibu na ua, amemziba mdomo kwa kiganja, akimkokota kama mtu anayemtoa mtoto barabarani.

Na Gwiza alikuwa anapungua maneno. Mwanzoni Raihana alishukuru, Mungu amsamehe. Kisha mwalimu akauliza mbona mtoto ananong'ona. Walimpeleka kwa daktari, daktari akamulika koo, akasema koo zima, labda mazingira mapya. Wauza vitenge wa Kimironko walimletea maembe na kumbembeleza, "Redio, tupe habari," naye akawatazama, midomo ikicheza, sauti ikitoka nyembamba, ikitoka kwa mbali, na kila siku ilikuwa mbali zaidi.

Jioni moja, saa ya magharibi, umeme ulikuwa umekatika na Raihana amempakata mwanawe karibu na dirisha. "Sema jina lako," alimwomba. "Kwa ajili ya mama. Sema Gwiza." Mtoto akafumbua mdomo, shingo ikamvimba kwa juhudi, akatoa pumzi, pumzi tupu yenye harufu ya kitambaa kinachoungua, na machozi yakaanza kumtoka kimyakimya, na wakati huohuo kutoka jikoni, ambako hakukuwa na mtu wala taa, sauti ileile ya Gwiza, sauti yake ya zamani ya sokoni, iliyojaa na yenye kicheko ndani yake, ikasema polepole, "Mama, mimi niko huku," na Raihana, ambaye alikuwa amemshika mwanawe mapajani, ambaye alikuwa anausikia moyo wa mwanawe ukigonga kifuani kwake, akajikuta ameinuka nusu ili aende jikoni, maana ni nani asiyemwendea mtoto wake anapomwita.

Rutayisire alikuwa amesimama mlangoni. Ndiyo kwanza anatoka kazini, na mfuko wa mkate ulikuwa umemdondoka.

"Na wewe umesikia?" Raihana alinong'ona.

"Nimesikia. Usijibu. Mama Gwiza, nakuomba, usijibu."

"Anaita mama."

"Si yeye. Mtoto iko hapo, umemshika."

"Mama," ile sauti ikasema tena, sasa karibu zaidi, "tunakula nini?"

Walilala nje barazani, mtoto katikati yao. Asubuhi Rutayisire alitaka wahame. Lakini wahamie wapi? Kila walichokuwa nacho kilikuwa ndani ya zile kuta, na mkopo juu yake. Na Raihana alisema jambo jingine, akilia: sauti ya mtoto imo mle ndani. Wakiondoka wanaiacha kwa nani? Basi Rutayisire akashuka Biryogo kumleta Mwalimu Shami.

Mwalimu Shami alikuwa bibi mkavu, mrefu, aliyesomesha Kurani vizazi vitatu vya Biryogo. Mali yake ilikuwa sauti. Alipokuwa akisoma, watu wa pikipiki walizima injini. Alifika alasiri, akazunguka vyumba vyote bila kusema, akamtazama Gwiza kooni, akatoka uani.

"Kimejificha jikoni," alisema. "Kinakula sauti. Ya mtoto hakijaimaliza, kinaionjaonja. Kikifukuzwa leo kwa haraka kitaitema."

"Atasema tena?" Raihana aliuliza.

"Inshallah. Lakini nisikilizeni. Kinachofukuzwa hupewa njia. Mlango wazi, geti wazi, na lisifungwe mpaka niwaambie mimi. Mkikibana kwenye kona, mimi sitakuwa na la kufanya."

Rutayisire akalifungua geti kwa upana wake wote. Ubani ukawashwa. Mwalimu Shami akakaa kwenye mkeka katikati ya sebule, Raihana na mtoto nyuma yake, akaanza kisomo, na ile sauti yake ikaijaza nyumba mpaka vikombe vikalia kabatini. Jikoni kitu kikaanza kukwaruza. Harufu ya kuungua ikapanda hata ikaumeza ubani. Masufuria yakaanguka. Kisha kikaanza kusema, kwa sauti ya Gwiza, kwa sauti ya mwanamume mzee, kwa sauti ya msichana aliyekuwa akiimba wimbo wa arusi, sauti nyingi, nyingine za watu waliowahi kula na kulala mle, na Gwiza akakohoa, akakohoa tena, akashika koo kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akatoa sauti. "Ma," alisema. Raihana aliisikia. Mpaka leo anaapa aliisikia, imetoka kwenye kinywa cha mwanawe, ina joto.

Ndipo geti likabamizwa kwa kishindo.

Majirani walikuwa wamekuja wote. Walikuwa wamesikia kisomo, wameuona moshi. Wanaume walewale waliobeba kabati walikuwa wamelivuta geti, wamelifunga, na sasa wameliegemea kwa migongo. Rutayisire alikimbia akalisukuma, lisisogee.

"Fungueni!" Raihana alipiga kelele kutoka mlangoni. "Kinatoka! Fungueni geti!"

"Kitoke kiende wapi?" Ilikuwa sauti ya Mukagasana, upande wa pili wa bati, karibu kabisa, na ilikuwa inatetemeka. "Mwanangu, kitoke kiende kwa nani? Nyumba hiyo ilipokaa tupu, kilitoka. Kilikuja kwangu. Winifred alikuwa anajifunza nyimbo za arusi yake."

"Mukecuru, bibi yangu, nilikuuliza! Nilikuja kwako kabla ya kununua, nikakuuliza!"

"Uliniuliza kama sisi ni majirani wema." Bibi yule alikuwa analia. "Sisi ni wema. Tuna watoto, Mama Gwiza. Tuliipaka rangi wenyewe, siku za umuganda, kazi ya pamoja, mtaa mzima, ili apatikane mtu wa kuinunua. Nisamehe. Ihangane, vumilia."

Raihana aligeuka. Sebuleni kulikuwa kimya, maana kisomo kilikuwa kimekatika. Mwalimu Shami alikuwa bado amekaa wima kwenye mkeka, kinywa wazi, ulimi unatembea, kifua kinapanda na kushuka, macho yamemtoka, na hakuna kilichosikika. Kisha kutoka jikoni kisomo kikaendelea pale kilipoachwa, kwa sauti ileile nzuri iliyokuwa ikizimisha pikipiki za Biryogo, ikavuta herufi, ikapamba, ikaanza kukosea, ikakosea tena kwa makusudi, kisha ikacheka, na Gwiza, aliyekuwa amebakiwa na silabi moja, akafumba mdomo taratibu na hakuufumbua kusema tena.

Rutayisire alihama mwezi huohuo. Alipata kazi ya kuendesha malori ya Dar es Salaam. Alitaka kuwachukua wote, akagombana, akalia, mwisho akaenda peke yake. Mwalimu Shami alirudishwa kwa wanawe. Raihana alihofia sauti yake mwenyewe, ambayo ilianza kukwama kila asubuhi, kwani akiipoteza na yeye ni nani atamsemea Gwiza? Mukagasana alimpa chumba cha uani kwake, bila kodi. Ubaya wa Mukagasana ulikuwa huo, hata kumchukia ilikuwa kazi.

Chumba kilipakana na ile nyumba. Saa ya magharibi Raihana alitoa kigoda, akakaa karibu na ua, na ng'ambo mtoto wake akaongea. Alisimulia ndoto. Alimwiga muuza parachichi. "Mama, tunakula nini?" alimwuliza, na Raihana, aliyekuwa amekatazwa kujibu, alijibu. "Maharage na ndizi, mwanangu." Gwiza mwenyewe alikaa karibu naye, akasikiliza sauti yake, akacheza na kamba ya viatu.

Lakini nyumba ilikuwa tupu. Majuma yalipopita, ile sauti ilianza kufifia, kisha ikaanza kusikika mahali pengine: nyuma ya zizi la ng'ombe, karibu na bomba la maji, jioni moja mbali sana, chini bondeni. Mtaani watu walianza kulala na watoto vifuani. Mukagasana alikuja akakaa chini karibu na kigoda.

"Kina njaa," alisema kwa sauti ndogo. "Kikikosa watu kitahama. Na kikihama, Mama Gwiza, hakiachi nyuma sauti zake."

Jumamosi ya umuganda Raihana alichukua brashi, akapaka ukuta wa mbele rangi ya maziwa.

Zephaniah aliwaleta wa kwanza baada ya muda mfupi. Walikuwa mtu na mkewe, bado vijana, wamechoshwa na kupanga Remera. Mume, Bruce, alibaki uani kule akipima kuta kwa miguu. Mke, Nyirarukundo, alikuja kwa majirani, maana mama yake alimwonya asinunue nyumba kabla hajawauliza wanaoishi karibu nayo. Alikuwa na mimba kubwa. Alikaa kwenye kiti kizuri, akavua viatu, akasema daktari amemwambia ni msichana.

Raihana alilitazama lile tumbo. Akafikiria kilio cha mtoto mchanga, kitakachokiweka kile kitu pale miaka na miaka. Moyo ulimwuma, na uliuma kweli, kisha akasikia ng'ambo ya ua kitu kama kicheko cha mtoto, na moyo ukaacha kuuma.

"Mtaa mzuri," alisema. "Mtu akiugua anabebwa. Tutawasaidia kuhama, vitu vyote tutabeba sisi mpaka getini. Karibuni sana, mtakuwa mmetuokoa."

Nyirarukundo akatabasamu, macho yakimlengalenga. Akamgeukia Gwiza, aliyekuwa amejishika kwenye sketi ya mama yake, akamgusa shavu. "Unaitwa nani, mrembo?"

Gwiza akafumbua mdomo, akaufumba.

"Huyu mbona haongei?"

"Anaona haya tu," Raihana alisema, akamwongezea mgeni maziwa.